Wazazi watatu kwenye rundo moja la vitabu

MWANAIDI: Haya, mwezi umekatika, na leo kila mtu anasema alichosoma. Kamau, umesoma kweli au ulipiga picha majalada tu?

KAMAU: Nimesoma, dada yangu, tena bila mpango. Nilipita kwa wale jamaa wa vitabu vya inama, vile vya mitumba vinavyotandazwa chini pale barabara ya Tom Mboya, Nairobi, nikainuka na *Rosa Mistika* ya Kezilahabi. Jalada linashikwa na selotepu, na mwanafunzi fulani ameandika "maudhui" kwa kalamu nyekundu karibu kila ukurasa. Akifika katikati, kimya.

MWANAIDI: Mtihani uliahirishwa!

KAMAU: Basi uhondo ukampita. Watu wakikitaja kitabu hiki cha 1971 wanakimbilia ile habari ya kupigwa marufuku shuleni Tanzania. Mimi kilichonishika ni baba mtu, Zakaria. Pale Ukerewe anamlinda binti kwa kipigo, mpaka kijana wa kiume akimsogelea Rosa anaona hatari. Sasa siku anayotoka kwenda kusoma mbali na baba, anajilinda na nini? Hajafundishwa chochote ila woga.

MWANAIDI: Ngoja, hapo hapo. Mimi wiki hiyo hiyo nilikuwa na *Utendi wa Mwana Kupona*. Mwana Kupona mwenyewe, mama mgonjwa, mwaka 1858, anamuusia bintiye, Mwana Hashima. Sikiza anavyoanza: "Negema wangu binti, mchachefu wa sanati, upulike wasiati, asa ukazingatia." Anamwita akae karibu. Hakuna fimbo.

KAMAU: Fimbo hakuna, lakini wasia wenyewe si ni mtii mume, mtii mume? Mimi naona kamba ni ile ile, hii tu ni ya hariri.

MWANAIDI: Sikatai. Radhi tano anazozitaja ni ya Mungu, Mtume, baba, mama, na ya tano ya mume. Lakini kuna pahali anamwambia amtunze mume kama kijana asiyejua kunena. Kamau, huyo ni bwana au ni mtoto wa kulea?

KAMAU: Eh! Hapo umenipata kidogo.

MWANAIDI: Kwetu Lamu kuna akina bibi wanaoujua utendi huo kwa ghibu, na wakifika ubeti huo utaona wanavyotazamana.

KAMAU: Bado nasema ni kazi mbili kwa mshahara wa moja. Alee watoto, alee na mume?

MWANAIDI: Hilo mwulize mkeo, mimi simo.

KAMAU: Tuendelee! Cha pili changu ni maisha ya Wangari Maathai aliyoyaandika mwenyewe, *Unbowed*, cha 2006. Nilikisomea kwenye matatu, Thika Road ikiwa imesimama kama kawaida yake. Kule kwao Nyeri, kaka yake anamuuliza mama: mbona Wangari haendi shule kama sisi? Mama angeweza kusema msichana ana kazi nyumbani, na hakuna ambaye angemlaumu. Akaona hakuna sababu ya kumzuia. Mambo yakaisha hapo, hakuna hotuba, hakuna wasia wa beti mia. Mwaka 2004 binti huyo akapokea Tuzo ya Amani ya Nobel.

MWANAIDI: Usinirukie kwenye Nobel. Mama hakujua habari ya Nobel. Alijibu swali la siku hiyo tu, na ndiyo sababu nampenda.

KAMAU: Sawa, nimekubali. Wewe kingine?

MWANAIDI: Kimoja cha kutajirika haraka, nikakitupa ukurasa wa thelathini. Aliyetajirika ni aliyekiuza.

KAMAU: Sasa nipe huo utendi.

MWANAIDI: Nakuazima, ila utausoma kwa sauti. Ukiusoma kimya kama gazeti, utakuta amri tupu na utarudi hapa kunigombeza. Nami nipe Rosa, na selotepu yake.

KAMAU: Na kalamu nyekundu?

MWANAIDI: Nitamalizia maudhui. Wasikilizaji, na nyinyi tuandikieni: mwezi huu vitabu gani vimegombana mikononi mwenu?