Kampuni za Magari Zinavunja Vipago vya Chini vya Ngazi

Wazee wangu mnaonitazama, shikamooni. Kaka zangu, dada zangu, hamjambo? Karibuni tena. Leo sitembei na kamera barabarani. Nimekaa, nataka tuzungumze kwa kituo, maana jambo hili linanigusa sana, na naamini linawahusu ninyi mnaonunua magari yaliyotumika kuliko linavyowahusu watu wa huku ninakoishi. Ni hili: kampuni ya magari inaamuaje kutengeneza gari hili na kuliacha lile? Na sisi wapenda magari tunaposema "hapo wamekosea", tuna hoja au ni mapenzi tu yanayosema?

Tuanzie Japani, mwishoni mwa Januari 2025. Suzuki walitangaza kuwa Jimny ya milango mitano, inayoitwa Jimny Nomade, itaanza kuuzwa kwao. Mpango ulikuwa kuuza 1,200 kwa mwezi. Ndani ya siku chache tu oda zikafika kama 50,000, wakalazimika kusimamisha kupokea nyingine. Pigeni hesabu: kwa mpango ule, hizo ni oda za zaidi ya miaka mitatu. Sasa Jimny ni gari la namna gani? Dogo, la pembe nne, chasisi ya chuma chini na bodi juu yake, ekseli nzima mbele na nyuma, injini ya lita 1.5 isiyo na turbo, na leva ya 4x4 unayoivuta kwa mkono wako mwenyewe. Mtu wa masoko angekwambia vitu hivyo vyote vimepitwa na wakati.

Mshabiki akisikia hayo anaruka juu: si tuliwaambia! Ngoja kwanza. Gari hilohilo linaundwa India, na India liliingia sokoni mwaka 2023. Kule halikupokewa hivyo. Punguzo likatolewa, tena kubwa, kwa sababu mnunuzi wa kule kwa kiasi kilekile cha fedha alikuwa na SUV nyingine (gari la juu la familia) pana zaidi, inayobeba familia yake bila kubanana. Gari moja, kiwanda kimoja, masoko mawili, majibu mawili. Kwa hiyo mtu akikwambia "watu wanataka gari la aina hii", muulize kwanza: watu gani, na watalitumia kwa kazi gani?

Na yapo maamuzi ambayo washabiki waliyalaani na kampuni ikawa sahihi kabisa. Mfano mkubwa ni SUV ya Porsche, Cayenne. Ilipotoka mwaka 2002, wapenzi wa 911, gari la michezo la kampuni hiyo, walisema Porsche imekufa, imeuza roho yake kwa gari la kupeleka watoto shule. Lakini kumbukeni Porsche ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa hoi kifedha. Boxster ya 1996 iliisimamisha, Cayenne ikaipa misuli. Mwaka 2024 Cayenne zilizokabidhiwa wateja duniani zilizidi 100,000, wakati 911 zilikuwa kama 50,000. Kila anayependa 911 leo anapaswa kuishukuru ile Cayenne aliyoichukia, kwa sababu faida ya gari lile ndiyo inayolipia utafiti wa hili.

Basi mimi simlaumu mtu kwa kutengeneza SUV. Hapo wengi wa wenzangu tunaachana. Ninacholaumu ni kitu kingine, na hapa ndipo naona washabiki waliona mapema kuliko wahasibu.

Miaka ya 1920, Alfred Sloan akiongoza General Motors, alipanga magari yake kama ngazi. Kipago cha chini kabisa Chevrolet, kisha Pontiac, Oldsmobile, Buick, na juu kabisa Cadillac. Alitaka kuwe na gari kwa kila mfuko na kwa kila shughuli. Kijana anaingia na Chevrolet, maisha yakimnyookea anapanda, na kila anapopanda bado yuko ndani ya nyumba moja. Kwa mpango huo GM ikampita Ford na kuitawala Marekani miongo mingi. Halafu wakaichezea ngazi wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walichukua Chevrolet Cavalier, gari la kawaida kabisa, wakaliwekea viti vya ngozi na nembo ya Cadillac, wakaliita Cimarron. Wanunuzi hawakudanganyika, na mwaka 1988 lilikuwa limekwisha. Vipago vikaendelea kufanana hadi mtu haoni tena sababu ya kupanda. Oldsmobile ikafungwa 2004. GM yenyewe ikafilisika Juni 2009, na Pontiac ikazikwa 2010.

Kilichotokea GM ni kuchanganya vipago. Siku hizi kuna jipya: kuvikata vile vya chini kabisa.

Ford ndio waliolifanya kwa uwazi. Aprili 2018 walitangaza kwamba Amerika Kaskazini wanaachana na magari ya saluni na hechibeki (yale mafupi yenye mlango nyuma), wanabakisha Mustang na kuweka nguvu kwenye pikapu na SUV. Fiesta, Fusion, Taurus, kwaheri. Ulaya ikafuata taratibu: Fiesta, iliyokuwapo tangu 1976, ilitoka kiwandani Cologne, Ujerumani, kwa mara ya mwisho Julai 2023. Focus, iliyozaliwa 1998 na kusifiwa kila kona kwa jinsi inavyokata kona, ilifikia mwisho wake Saarlouis Novemba 2025. Nafasi ya Fiesta pale Cologne ikachukuliwa na SUV za umeme, Explorer na Capri, magari makubwa na ya bei ya juu zaidi. Uhitaji ukawa mdogo kuliko walivyotarajia, wakapunguza zamu na wafanyakazi.

Sasa sikilizeni vizuri. Desemba 2025 Ford wakatangaza ushirikiano na Renault: magari mawili madogo ya umeme yenye nembo ya Ford, yatakayojengwa juu ya mtambo wa Renault, yaani msingi wao wa gari, kaskazini mwa Ufaransa, la kwanza likitarajiwa 2028. Yaani kampuni iliyouza Fiesta kwa miaka 47 inaazima gari dogo kwa jirani. Mimi hili linaniuma kweli. Wahandisi wao walijua kutengeneza gari dogo lenye usukani hai, kitu ambacho hakijengwi kwa mwaka mmoja, wala hakinunuliwi kwa urahisi mkishakiacha.

Kwa haki, tuseme na upande wao. Kamera, rada, breki za dharura, mifuko ya hewa: vifaa hivi havina bei ya gari dogo na bei ya gari kubwa. Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2024, unataka kila gari jipya linalosajiliwa liwe na mifumo kadhaa ya namna hiyo. Ukiiweka kwenye gari la bei ya chini, faida yote inaliwa. Marekani nako sheria ya matumizi ya mafuta, tangu magari ya mwaka wa 2011, inapima ukubwa wa eneo lililo kati ya magurudumu: gari likiwa pana na refu zaidi, lengo lake linalegezwa. Na yale yanayohesabika kuwa malori mepesi, zikiwemo SUV nyingi, yana kipimo chao chepesi zaidi. Ongeza ushuru wa asilimia 25 kwa pikapu zinazotoka nje, uliowekwa 1964 na bado upo. Kwa hiyo mtu anaposema "soko limeamua", si kweli tupu. Sheria nayo imeamua, na kampuni zikateleza kule kulikokuwa na mteremko.

Kitu ambacho sheria haikuwalazimisha ni kuchukua majina ya watu. Mitsubishi Eclipse lilikuwa gari la milango miwili, la chini, la vijana waliopenda turbo. Mwaka 2017 jina hilo likabandikwa kwenye krosova, gari lililoinuliwa kama SUV, likaitwa Eclipse Cross. Ford Puma ilikuwa kijigari cha michezo cha 1997. Tangu 2019 ni krosova. Capri, ya 1969 hadi 1986, imerudi 2024 ikiwa SUV. Jina la gari ni ahadi. Mtu anakumbuka baba yake alivyoliendesha, anakumbuka mlio. Ukimwita kwa jina lile kisha ukamwonyesha kitu kingine, umemkosesha imani na hicho kipya hata kama ni kizuri, na Puma mpya, niseme kweli, ni gari zuri. Renault walifanya kinyume. Renault 5 ya 1972 ilikuwa gari dogo la mjini. Ya 2024 ni ya umeme, lakini bado ni gari dogo la mjini. Ikashinda tuzo ya Gari la Mwaka Ulaya 2025. Hakuna mshabiki aliyelia.

Mercedes-AMG C63 nayo nitaipitia haraka tu, maana mmeisikia sana: V8, injini ya silinda nane yenye mlio wake, ikatolewa, ikawekwa silinda nne ya lita 2 pamoja na mota ya umeme, nguvu farasi 671. Namba zimepanda, watu wakalalamika, kwa sababu aliyekuwa ananunua C63 hakuwa ananunua namba.

Nirudi kwenye vitu vidogo, kwa sababu ndivyo vitakavyowafikia ninyi. Volkswagen walihamishia karibu kila kitu kwenye skrini na sehemu za kugusa, hata sauti ya redio na joto la ndani. Wapenzi wa magari walipiga kelele tangu siku ya kwanza: dereva anatoa macho barabarani. Mwaka 2025 mkuu wao wa usanifu, Andreas Mindt, akasema vitufe vya vitu vya msingi vinarudi na kwamba kosa hilo hawatalirudia. Lakini magari yaliyokwisha kutengenezwa yapo, na yatazeeka. Yatakapofika kwa mmiliki wa tatu, skrini ikifa, haifi redio peke yake. Inakufa feni, inakufa kiyoyozi, na fundi hawezi kukubadilishia kitufe kimoja.

Hapo ndipo ninaposema jambo hili ni lenu. Gari linalotoka kiwandani leo ndilo gari lililotumika la miaka kumi ijayo. Fiesta ambayo haikutengenezwa mwaka huu haitapatikana ikiwa na umri wa miaka minane. Mtu ambaye hajawahi kuingia kwenye duka la magari mapya anachaguliwa gari lake na mtu aliyeko chumba cha mikutano mbali naye kabisa.

Wapo wanaobaki kwenye kipago cha chini na wanakula vizuri. Dacia, iliyonunuliwa na Renault 1999, ilianza na Logan mwaka 2004: mitambo ya Renault iliyokwisha kulipiwa gharama, vitu vichache vya kuharibika, bei ya chini. Wakubwa wakaidharau. Mwaka 2024 Sandero yao ndiyo gari lililouzwa zaidi Ulaya nzima, mbele ya Golf ya Volkswagen, mbele ya wote. Halafu tazameni Toyota, Novemba 2023 kule Thailand, walipoizindua Hilux Champ. Pikapu tupu, ya pembe nne, yenye matundu ya bolti yaliyotobolewa kiwandani ili mwenye nayo afunge bodi anayoitaka yeye: la mizigo, la duka, la wagonjwa. Kampuni hiyohiyo ndiyo inayotuuzia GR Yaris, silinda tatu, turbo, gia za mkono, gari lililozaliwa kwa ajili ya mashindano ya rali. Na bado inaunda Land Cruiser ya familia ya 70, iliyoanza 1984. Chini kuna kipago, katikati kuna kipago, juu kuna kipago. Nikiulizwa nani anaijua kazi ya kupanga orodha, jibu langu ni Toyota, na sitafuti mwingine.

Kuna anayesema: wewe mnunuzi wa gari lililotumika, kampuni haikujui, sauti yako haina uzito. Nampinga. Katika nchi tajiri magari mapya mengi hayanunuliwi moja kwa moja. Mtu anaingia mkataba wa miaka mitatu hivi, analipa kila mwezi, kisha analirudisha. Malipo yale yanatokana na hesabu moja kubwa: bei ya gari likiwa jipya, toa bei litakayouzwa likirudi. Gari ambalo wanunuzi wa pili na wa tatu wanaligombania lina malipo madogo ya mwezi, na linauzika zaidi likiwa jipya. Gari wanalolikwepa linageuka mzigo. Januari 2024 Hertz, kampuni ya kukodisha magari, ilitangaza kuuza magari yake ya umeme kama 20,000, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba thamani yake ilikuwa inashuka mno. Uamuzi ule ulisukumwa pia na watu wa gari lililotumika, waliosema kwa bei kile ambacho hakuna aliyewauliza kwa mdomo.

Kwa hiyo unapokataa gari kwa sababu halitengenezeki, na unapolipa zaidi kwa lile ambalo fundi wako analifungua na kulifunga bila kompyuta, umepiga kura. Inachelewa kufika, lakini inafika.

Sasa niandikieni gari moja tu ambalo mngetaka lirudi kwenye orodha, na mniambie lingefanya kazi gani ambayo hakuna gari jipya linaloifanya leo. Jina peke yake halinitoshi, nataka kazi. Nitayachukua majibu yenu, na video ijayo tutayapanga kampuni kwa kampuni, tuone nani bado ana mtambo na kiwanda cha kulitengeneza.