Anwani Hewa: Ramani ya Kumbukumbu Inapogoma Ndani ya Kerneli

Jioni njema, ndugu zangu. Projekta imegoma, kwa hiyo leo slaidi hakuna, mtanisikiliza tu. Na kwa kuwa mada yenyewe ni vitu kugoma, sina haki ya kulalamika.

Nianze na aibu yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa natunza seva moja ya Linux ambayo kadi yake ya mtandao ilikuwa ikiganda. Mchana inakwenda vizuri. Usiku, nakala za akiba zikianza kuhamishwa, kimya. Ukiizima na kuiwasha, inarudi. Nilibadilisha waya, nikabadilisha swichi, nikailaumu kadi na kununua nyingine ya aina ileile, nayo ikaganda vilevile. Mwisho nikawasha ukaguzi wa DMA, yaani ile njia ya kifaa kujisomea kumbukumbu, uliomo ndani ya kerneli yenyewe, kiini cha mfumo wa Linux. Hata trafiki haijaanza kupanda, tayari kulikuwa na onyo: kiendeshi hiki hakiangalii kama ramani imefanikiwa. Na kiendeshi hicho, yaani programu inayoiongoza kadi, nilikuwa nimekichokonoa mimi mwenyewe wiki chache kabla.

Kadi ya mtandao hujisomea data kwenye kumbukumbu bila kumpitia prosesa. Ili isome, kerneli lazima iipe anwani ambayo kadi inaielewa. Kuipata anwani hiyo ndiko kuchora ramani. Sasa kuna kadi zisizoweza kufika kumbukumbu ya juu, na kwa ajili yao kerneli hutenga eneo la kati la kupokezana data, kwa kawaida megabaiti 64. Trafiki ikizidi, eneo linajaa. Hapo hakuna kilichoharibika. Umeomba kiwanja, viwanja vimekwisha, ukaambiwa hakuna. Kiendeshi changu hakikusikiliza jibu. Kilichukua lile jibu la "hakuna", kikaligeuza anwani, kikaikabidhi kadi: nenda kasome huko. Tumezoea kusikia habari za wafanyakazi hewa. Hii ilikuwa anwani hewa.

Dawa yake ilikuwa mistari michache. Uliza kama ramani imepatikana. Kama haikupatikana, tupa pakiti hiyo, ongeza hesabu ya pakiti zilizotupwa, endelea na nyingine. Mtandao umezoea kupoteza pakiti. TCP, itifaki inayohakikisha data imefika, itaituma tena. Haukuzoea kadi iliyokufa.

Mtu atauliza, kuangalia jibu kuna ugumu gani? Ugumu ni kwamba ndani ya kerneli "hakuna" husemwa kwa lahaja kadhaa. Ukimwomba ioremap, mojawapo ya kazi (function) za kerneli, akupe njia ya kufikia rejista za kifaa, vile vijisanduku vya kukiamuru, akishindwa anakurudishia kielekezi tupu. Kielekezi ni namba inayobeba anwani; kikiwa tupu ni sifuri. Ukiomba ramani ya DMA, sifuri inaweza kuwa anwani halali kabisa, kwa hiyo kushindwa huonyeshwa kwa namba ambayo biti zake zote ni moja. Programu ya kawaida ikiita mmap, yaani ikiomba ramani ya kumbukumbu, kushindwa ni hasi moja. Halafu kuna kazi nyingi za kerneli zinazoficha namba ya kosa ndani ya kielekezi chenyewe: anwani 4095 za mwisho kabisa zimetengwa kwa shughuli hiyo, na ukosefu wa kumbukumbu, kosa namba 12, unarudi kama hasi kumi na mbili iliyovaa kanzu ya kielekezi.

Mnaona mtego? Ukipokea hiyo hasi kumi na mbili na kuuliza tu "je, ni sifuri?", jibu ni hapana, unapita mlangoni ukiwa na anwani hewa mkononi. Tena kuna ndugu wawili wa familia moja: devm_ioremap hurudisha sifuri, devm_ioremap_resource hurudisha kosa lililofichwa. Mtu anahama kutoka mmoja kwenda mwingine, anasahau kubadilisha swali. Nimeiona hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Hata sifuri yenyewe msiidharau. Wengi hudhani ukigusa anwani sifuri mfumo utaanguka hapohapo na kosa litaonekana. Lakini kiendeshi hagusi sifuri. Anagusa sifuri jumlisha umbali wa rejista anayoitaka. Eneo la chini ambalo programu za kawaida huzuiwa kulichukua mara nyingi ni baiti 65,536 tu. Rejista yako ikiwa megabaiti moja mbele, umeshavuka uzio na kuingia eneo ambalo programu za kawaida zinaweza kulichukua.

Hapa nikae kidogo, maana kisa cha mwaka 2009 kinastahili. Kerneli 2.6.30 ilikuwa na kiendeshi kiitwacho tun, kinachotumika kutengeneza mitandao ya kubuni. Ndani yake kulikuwa na mstari uliosoma kitu kupitia kielekezi, na chini kidogo mstari mwingine ukauliza kama kielekezi hicho ni tupu. Ukisoma haraka unasema sawa, ukaguzi upo. Kompaila ya GCC, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, haikusoma haraka. Ilijiambia: kama mwandishi ameshakitumia kielekezi hiki, basi hakiwezi kuwa tupu, na swali linalofuata ni la bure. Ikaliondoa. Kwenye msimbo chanzo ukaguzi upo, kwenye mashine haupo. Mwezi Julai Brad Spengler, mtafiti wa usalama, akaonyesha hadharani kwamba mshambuliaji akifanikiwa kujichorea ramani kwenye ukurasa wa sifuri, kerneli itakwenda kusoma mambo aliyoyapanga yeye, na mwisho atakuwa mkuu wa mfumo. Marekebisho yalikuwa kugeuza mpangilio wa mistari, na tangu hapo kerneli hujengwa kwa agizo linalomkataza kompaila kufuta maswali ya aina hiyo. Mimi simlaumu kompaila. Aliyebisha hodi akiwa ameshaingia sebuleni ni mwandishi.

Sasa upande wa pili, ambao ni mgumu zaidi: umeuliza, umeambiwa hapana, lakini ulikuwa umefika katikati. Umeshachukua kufuli, umetenga bafa, umechora ramani mbili, ya tatu imegoma. Lazima urudi kinyumenyume, cha mwisho kiachiliwe kwanza. Huvui soksi kabla ya kiatu. Ndiyo maana viendeshi vya Linux vimejaa goto, amri ya kuruka moja kwa moja hadi lebo fulani, mwishoni mwa kazi, kila lebo ikishuka ngazi moja. Mlifundishwa chuoni kwamba goto ni haramu. Huku ni ngazi ya dharura.

Lakini ngazi hiyo huteleza. Mwaka 2024 Jann Horn, mtafiti wa usalama, aliripoti tatizo ndani ya mmap_region, moyo kabisa wa uchoraji wa ramani za programu. Kazi hiyo ilikuwa ikijenga eneo jipya, inamwita mwenye faili au kifaa, yaani msimbo unaokisimamia, aweke mambo yake, halafu ikikwama baada ya hapo inajaribu kubomoa. Sasa unabomoaje nyumba ambayo nusu ya mafundi bado wamo ndani? Ukimwita mwenye kifaa afunge kitu ambacho hakukifungua vizuri, huna hakika atagusa nini. Lorenzo Stoakes, mmoja wa waandishi wa kerneli, alipoitengeneza, mabadiliko yakiingia kwenye toleo la 6.12, hakuongeza ujanja wa kubomoa. Maswali yanayoweza kujibiwa mapema aliyasogeza mbele, kabla ya kumwita mtu yeyote. Na mwenye kifaa akishindwa, haitwi tena: anwani za kazi zake hubadilishwa na zile zisizofanya lolote. Kwangu mimi huo ndio uhandisi. Njia ya kushindwa iliyo salama ni ile fupi.

Nusu saa inakwisha, na kuna mmoja pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja mmap. Anasema programu yake haijawahi kukataliwa kumbukumbu. Kweli, kwa sababu Linux ni kondakta wa daladala: siti zipo, ingia, mbele kweupe. Unaomba gigabaiti, unakubaliwa, na kurasa zenyewe hazijatengwa. Zitatafutwa siku utakapozigusa. Zikikosekana kabisa, kerneli humchagua abiria mmoja na kumshusha njiani, na huenda si wewe uliyejaza gari. Kwa hiyo ramani kukubaliwa si sawa na kumbukumbu kuwepo, na kukataliwa mapema, ingawa kunaudhi, ndiyo heshima kubwa zaidi ambayo mfumo unaweza kukupa.

Hii pia ndiyo sababu njia za kushindwa huoza bila mtu kujua: maombi madogo ndani ya kerneli karibu hayakataliwi, kwa hiyo msimbo wa kushughulikia kukataliwa haukimbizwi kamwe. Linux ina chombo cha kuyakatalisha kwa makusudi. Unaiambia igomee ombi moja katika kila mia, halafu unaangalia nini kinaanguka. Nimekuja na kompyuta ndogo yenye kile kiendeshi changu cha zamani, kabla sijakirekebisha. Sogeeni karibu, kioo chake ni kidogo.