Adui Akishakamatwa, Usinifungie Kitabu

Haya jamani tuanze, waliosimama huko nyuma viti vipo hapa mbele. Mimi nikialikwa kuongelea riwaya za mapenzi na taharuki nasema jambo lilelile kila mara, walionisikia kabla wanalijua, na leo nitalisema tena kwa sababu bado watu wanaandika vitabu vya mwisho vibovu, na mi bado navinunua, na bado vinaniuma.

Sitaeleza hizi riwaya ni nini, mnazijua. Watu wawili, hatari, mapenzi yanakua humohumo ndani ya hatari. Naenda moja kwa moja kwenye kitabu cha mwisho cha mfululizo, kile umekisubiri mwaka, miaka miwili, kimetoka, umezima simu, umekaa.

Kuna mfululizo mmoja wa vitabu vitano, sitautaja, mwandishi yuko hai na najua alihangaika. Vinne vya kwanza vilininyima usingizi. Mwanamke kaona jambo ambalo hakutakiwa kuliona, mwanaume kapewa kazi ya kumlinda. Cha kwanza hawaaminiani. Cha pili mwanamke anagundua kwamba huyu jamaa alikuwepo usiku kaka yake alipokufa na hajamwambia. Cha tatu wametengana. Cha nne wamerudiana nusunusu, yaani wanapendana kweli lakini habari ya kaka haijazungumzwa, wanakula pamoja, wanakimbia pamoja, wanalala mlango kwa mlango, na yule kaka amekaa katikati yao. Sasa mi nikawa nasubiri hilo zungumzo. Adui sikuwa na shida naye, adui atakamatwa, nani hajui! Nikafungua cha tano. Kurasa mia nne na kitu, mbio, risasi, magari, nyumba inaungua, adui kakamatwa zimebaki kurasa tatu. Ukurasa unaofuata pete. Ukurasa unaofuata harusi. Mwisho. Kaka hakutajwa hata kwa jina. Nilirudi nyuma nikidhani kurasa zimeshikana, nikazipapasa moja moja, hazikushikana. Ni mwandishi alikuwa amechoka, au aliamini kabisa kwamba adui akiingia ndani basi hadithi imekwisha.

Haijaisha. Ndo kwanza inaanza ile sehemu niliyolipia.

Hebu fikirini. Vitabu vinne hawa wawili wamekuwa pamoja kwa sababu wakiachana mmoja atakufa, mwanamke hawezi kwenda dukani peke yake, anamhitaji yule mwanaume kama mtu anavyohitaji ukuta wakati wa mvua. Unaweza kuuita upendo, labda ni upendo, lakini hatujui, na yeye mwenyewe hajui! Siku adui anakamatwa ndo siku ya kwanza mlango uko wazi na hakuna anayemfukuza. Anaweza kubeba begi lake aende. Je, atabaki? Na akibaki, anabaki kwa ajili ya nini? Mfululizo mzima ulikuwa unajenga swali hilo moja, alafu mwandishi anakuja kulijibu kwa pete kabla hata halijaulizwa.

Walionisikia wanajua nitamtaja nani sasa. Dorothy L. Sayers, mwandishi Mwingereza. Vitabu vinne vyenye Lord Peter Wimsey, mpelelezi, na Harriet Vane, Strong Poison wa 1930, Have His Carcase wa 1932, Gaudy Night wa 1935, Busman's Honeymoon wa 1937. Najua wengine mnaviita vya upelelezi, viiteni mnavyotaka, mi naviangalia kama mfululizo wa mapenzi ndani ya hatari na sijaona ulioisha vizuri kuliko huu. Kwenye cha kwanza Harriet anashtakiwa kumuua kwa sumu mwanaume aliyekuwa akiishi naye. Ushahidi wote uko juu yake, akipatikana na hatia ananyongwa. Peter anamwendea gerezani, mara ya kwanza kabisa kuongea naye, na palepale anamwambia anataka kumuoa. Kisha anafanya kazi, anampata muuaji wa kweli, Harriet anaachiwa. Angekuwa mwandishi yule wa vitabu vitano, hapo ni harusi.

Harriet anakataa.

Na Sayers mwenyewe alikuja kuandika kwamba alipoanza kitabu kile nia yake ilikuwa kumuoza Peter ili aachane naye moja kwa moja! Alikuwa amemchoka, alitaka kumaliza. Akafika pale akaona haiwezekani, kwa sababu mwanamke uliyemtoa kwenye kitanzi ukimposa atakujibuje? Ana deni la uhai wake. Akikubali, ni kwa mapenzi au ni kulipa? Shukrani si mapenzi, na mtu mwenye heshima zake ukimwekea shukrani mbele halafu ukaiita mapenzi atakuchukia. Kwa hiyo Sayers akaacha mlango wazi, ikabidi aandike vitabu vingine ili hawa wawili wawe sawa, deni liishe.

Deni linaishaje? Hapa nisikilizeni vizuri. Kwenye Gaudy Night Harriet amerudi chuo alichosoma Oxford, chuo cha wanawake, kuna mtu anaandika barua za matusi na kuharibu vitu usiku, hakuna aliyeuawa lakini hofu imejaa. Harriet anachunguza. Anamwandikia Peter. Sasa mwanaume wa kawaida wa hizi riwaya zetu angefanya nini? Angeendesha gari usiku kucha, angemtoa mle kwa nguvu, "sitakuruhusu ujihatarishe," na sisi wasomaji tungetakiwa kuona ndo mapenzi hayo. Peter anamwandikia jibu ambalo ndani yake hamkatazi. Anajua kuna hatari, anaogopa, na hamkatazi, baadaye anamfundisha namna ya kujitetea mtu akimkaba shingo na anamnunulia ukosi wa mbwa, ule mnene wa ngozi, aukinge shingo. Basi. Kazi ni yake, hatari ni yake, aamue mwenyewe. Na hapo ndo Harriet anaanza kumwona. Hatari ileile inayotutisha sisi wasomaji ndiyo inayomwonyesha kwamba huyu mtu hataki kummiliki, huhitaji sura nyingine ya pembeni ya kuelezea mapenzi, yamo mlemle.

Kisha posa ya mwisho. Hapa huwa nachelewa na mtanivumilia. Kwa muda wote huo Peter amekuwa akimposa kwa Kilatini na kwa kila namna, na kuna moja, ya tarehe moja Aprili, ameiuliza kwa neno ambalo kwa Kilatini unalitumia ukitegemea jibu la hapana. Kilatini kina njia tatu za kuuliza, moja inategemea ndiyo, moja inategemea hapana, moja haitegemei chochote, inauliza tu. Posa ya mwisho, usiku, Oxford, wote wamevaa majoho ya shahada, anamwita kwa cheo chake cha usomi na anatumia ile ya tatu. Placetne, magistra? Yaani, inakupendeza, msomi? Silabi moja tu ile, "-ne", ndani yake kuna mlango uliofunguliwa kabisa, sema ndiyo, sema hapana, sikusukumi. Naye anajibu placet, inanipendeza. Jamani! Kurasa mia nyingi, kesi ya mauaji, maiti ufukweni, barua za matusi, zote zilikuwa safari ya kufika kwenye swali lisilomsukuma mtu.

Najua kuna mtu ananiambia moyoni, mwalimu, lakini hizi ni riwaya za mapenzi, mwisho wake unajulikana, wataishi raha mustarehe, sasa swali unalolisema liko wapi? Ni kweli. Romance Writers of America, chama cha waandishi kilichoanzishwa 1980, fasili yake ya riwaya ya mapenzi ina mambo mawili, mapenzi yawe kiini cha hadithi, na mwisho uridhishe hisia na uwe na matumaini. Sawa. Ila someni neno la kwanza pale, uridhishe, halafu ndo matumaini. Wengi wameshika la pili wakaliacha la kwanza. Harusi ni matumaini. Harusi peke yake hairidhishi, inaridhisha nikishajua huyu mwanamke amejibu nini. Sikuwa na wasiwasi kama watapatana, nilikuwa na wasiwasi watapatanaje na lile jambo la kaka likiwepo.

Mwingine atasema adui akishakamatwa taharuki imekufa, ukiendelea kuandika kitabu kinapoa. Huyu ndiye ananikera kuliko wote. Alfred Hitchcock, yule mwongozaji wa filamu za taharuki, alimweleza mwongozaji mwenzake Mfaransa, François Truffaut, mazungumzo yao yalitoka kuwa kitabu 1966, kwamba watu wamekaa mezani wanaongea mambo ya kawaida, bomu likalipuka ghafla, mtazamaji anashtuka sekunde kumi na tano. Lakini mtazamaji akionyeshwa bomu chini ya meza kabla, na wale hawajui, basi maongezi yaleyale ya kawaida yanamtoa jasho dakika kumi na tano nzima. Sasa niambieni, siri ya kifo cha kaka ni nini kama si bomu chini ya meza? Adui yuko jela, nyumba imetulia, wawili wanakunywa chai, na sisi tunajua kilichopo chini. Ukiandika vizuri hiyo chai itanitisha kuliko risasi zako zote. Halafu hutaki kuiandika!

Naona mratibu ananionyesha saa, nilikuwa na mengine. Haraka haraka. Adui wa kitabu cha mwisho awe alishapita mbele ya macho yangu mapema, asiwe mtu aliyeletwa kwenye sura ya thelathini, hilo mnalijua. Mifululizo ya wapenzi wengi, kila kitabu wawili wake na adui mmoja nyuma yao wote, ile ina shida nyingine, kitabu cha mwisho kinageuka kikao cha familia, kila mtu anaingia mlangoni na mtoto mkononi tumjue anaendeleaje, na wawili wenye kitabu chao wanakosa nafasi, wapunguzeni hao wageni. Mwisho wa kuning'iniza, unaomwacha msomaji hajui nini kitafuata, kwenye kitabu cha kati ruksa, kwenye cha mwisho ni kumdhulumu msomaji. La nne naliacha.

Nipeni dakika moja nimalizie Busman's Honeymoon maana niliwaambia vitabu ni vinne na nimeongelea cha tatu. Wameshaoana. Wako fungate, kwenye nyumba waliyoinunua, na kwenye ghala la chini ya nyumba inakutwa maiti ya aliyewauzia. Peter anampata muuaji, muuaji anahukumiwa kunyongwa. Wengine wangefunga hapo. Sayers anaendelea, anawapitisha zile wiki za kusubiri, Peter anaharibika, kwa sababu ni yeye aliyempeleka mtu kwenye kamba, na anajifungia mbali na mkewe, na Harriet hamwendei kwa nguvu, hamshiki, anamwacha aje mwenyewe. Ni jambo lilelile alilofanyiwa yeye kwenye kitabu cha tatu, sasa anamfanyia mwenzake. Alfajiri ya siku ya kunyonga, anakuja. Analia. Na kitabu kinaisha Peter amejikunyata magotini pa Harriet, na Harriet amekumbatia kichwa cha mumewe, asisikie saa ikigonga mbili asubuhi.