Nani Achinje Mbuzi wa Krismasi?

(Mhadhara kwa vijana wa misikiti na makanisa, Temeke, Dar es Salaam)

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Na wale ambao salamu yao sijaitaja, habari za jioni.

Mmeona nimeanza kwa kujikwaa. Mikutano yetu hapa mjini huanza na salamu hizo tatu, watu wanaitikia kwa mafungu, na msemaji anaendelea na moyo mweupe kwamba hakuna aliyemsahau. Lakini nendeni mtaa wa Kisutu, pale katikati ya mji, mkaone mahekalu ya Wahindu yalivyopangana. Sijapata kukaa kwenye mkutano wa "dini zote" nikasikia mtu akiwasalimu wale. Tunawaita Wahindi, basi, imekwisha. Ndani ya neno hilo moja mna Ismailia, mna Bohora, mna Ithnasheri, mna Wahindu, mna Masingasinga. Mna na Wagoa, ambao ni Wakatoliki kama mimi, na wamesali kanisa la Mtakatifu Yosefu wakati babu yangu hajawahi kuiona bahari. Nimelisema hili mapema ili msije mkadhani nimeitwa kuusifia mji.

Halafu hili neno mhadhara mlilobandika mlangoni. Vijana hamjui, ila wazee hapa mbele wanatabasamu. Miaka ya themanini na tisini, ukisikia kuna mhadhara, ujue kuna uwanja, kuna kipaza sauti, kuna Biblia na Kurani juu ya meza, na kuna mtu anayethibitisha kwa aya kwamba mwenzake amepotea. Watu walijaa. Na mimi nilikwenda, nisiwafiche. Wale jamaa walikuwa wanajua kusema! Ila sikumbuki hata mmoja aliyetoka pale akaenda kumgongea jirani mlango. Kwa hiyo leo sina kitabu mezani. Nitawasimulia habari za mbuzi.

Baba yangu alikuwa Mngoni, Mkatoliki, karani bandarini. Tulipanga kwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, korido katikati, ua nyuma, choo kimoja. Mwenye nyumba alikuwa Mzaramo, Muislamu wa swala tano, wote tukimwita Babu. Mkesha wa Krismasi baba akinunua mbuzi, anamfunga kwenye mpapai, na hapo haguswi na mtu mpaka Babu atoke swala ya alasiri. Babu alikuja na kisu chake mwenyewe, amekiviringisha kwenye gazeti. Anakipitisha taratibu juu ya ukucha wa dole gumba, anatikisa kichwa, anarudi kukinoa tena kwenye ukingo wa karo. Kisha mbuzi analazwa kuelekea kibla, baba ameshika miguu ya nyuma, Babu anasoma Bismillahi. Shingo ilikuwa ya Babu. Hiyo haikujadiliwa.

Mama naye siku hiyo hakupikia sufuria zake. Aliazima kwa mke wa Babu. Kitimoto hakikuwahi kuingia nyumbani kwetu, na mke wa Babu alilijua hilo maana jiko lilikuwa moja uani. Nilipomuuliza mama kwa nini basi anahangaika na sufuria za watu, alinijibu: "Mtu asile huku anajiuliza."

Hebu tulitazame vizuri jambo lile. Baba hakusilimu. Babu hakwenda misa ya usiku. Alikula pilau lake, akashukuru, akalala. Hakuna aliyemfafanulia mwenzake imani yake. Kila mmoja alimwachia mwenzake kitu kidogo, na alikiachia kabla hajaombwa, na hapo ndipo penye siri yote ninayotaka kuisema leo. Baba angeweza kusema mbuzi wangu, hela yangu, sikukuu yangu, kisu ninacho. Na angekuwa na haki. Ibara ya 19 ya Katiba, ile ya uhuru wa dini, ingekuwa upande wake. Mnakumbuka Buseresere kule Geita, Februari 2013: ugomvi wa nani achinje ulifika mpaka mchungaji mmoja akauawa. Swali lilikuwa lile lile la uani kwetu. Sisi lilijibiwa na wazee wawili waliokuwa wakipokezana ndoo ya kuogea kila asubuhi.

Msidhani mji huu ulijengwa ili watu wapokezane ndoo. Wajerumani, na Waingereza baada yao, waliugawa: Uzunguni kule baharini, Uhindini katikati, Uswahilini huku Kariakoo na Ilala. Kati ya Uhindini na Kariakoo wakaacha uwanja mtupu, kwa hoja ya afya, mbu na malaria, ili watu wasikaribiane. Uwanja wenyewe ndio Mnazi Mmoja. Basi watu wakaujaza. TANU ikafanyia mikutano pale, Waislamu wakasali Idi pale. Pembeni yake ukasimama ukumbi wenye jina la Mgiriki aliyeufadhili, George Arnautoglu, na ulimi wetu ukamnyoosha akawa Anatoglo. Na huyo mwalimu Mkatoliki wa Pugu, Julius Nyerere, aliyekuja kuongoza TANU mwaka 1954 hakupokewa na parokia. Alipoacha kazi ya ualimu alikaribishwa Kariakoo, nyumbani kwa akina Sykes, Waislamu wenye asili ya Kizulu. Aliyewaleta kina mama kwenye chama alikuwa Bibi Titi Mohamed, muimbaji wa ngoma, na aliwaleta kwa njia ya vikundi vya ngoma. Wale hawakuitana kwa dini wala kwa kabila, waliitana kwa kazi iliyokuwa mbele yao.

Wakati wa sensa ya 1967 Dar es Salaam ilikuwa na watu 272,821. Ndiyo sensa ya mwisho kumuuliza Mtanzania dini yake. Sensa ya 2022 imetukuta 5,383,728. Ina maana karibu wote tumefika baadaye, au wazazi wetu, na hakuna aliyetukalisha chini akatuambia kanuni za uani. Hazikuandikwa popote. Mtu alizijua kwa kushika miguu ya mbuzi. Sasa ua zenyewe ziko wapi? Tuna mageti.

Nije kwenye daftari langu. Ni hili hapa, mnaliona, jalada limeshikwa na selotepu. Nimekuwa katibu wa kamati ya msiba mtaani kwetu miaka mingi. Ukurasa wa 2009: namba ya nyumba, jina, alichotoa. Elfu mbili. Elfu moja. Mchele kilo mbili. Mzigo wa kuni. Hapa pameandikwa "viti 12". Na hapa, mbele ya jina la kijana mmoja, pameandikwa neno moja, "kaburi", maana hakuwa na hela, akaenda kuchimba. Marehemu alikuwa Mlutheri. Huyo mchimbaji ni muadhini sasa.

Ukurasa wa mwaka jana una majina tisa. (Minong'ono.) Tisa. Msinielewe vibaya, msiba ulikuwa mkubwa na watu walichanga sana, ila hawakuchangia kwenye daftari la mtaa. Mkatoliki akifiwa, jumuiya ndogondogo yake inakuja na kundi lake la WhatsApp, turubai lake, kwaya yake. Muislamu akifiwa, msikiti unashughulika kuanzia kuosha mpaka kuzika, na kabla jua halijazama wameshamaliza. Mlokole ana kanisa lake na fulana zimeshachapwa. Tunapenda kusema mji unatengana kwa sababu dini zimelegea. Mimi naona dini zimejipanga vizuri mno, kiasi kwamba jirani hana tena pa kushika.

Mwaka jana huo huo alifariki mama mmoja Mkatoliki, jirani yangu. Mke wa shehe wetu, mtu mzima, alikuja asubuhi na mapema, kanga imekazwa kiunoni, kisu chake cha kumenyea kimefungwa kwenye kona ya mtandio. Binti mmoja wa kamati, kwa adabu kabisa, akamwambia, "Mama, wewe pumzika, tumekodi mpishi." Akakaa kwenye kiti cha plastiki kama nusu saa. Akakifungua kile kisu, akakifunga tena, akaaga. Binti yule mpaka leo hajui kosa lake. Msibani, kumwambia mtu apumzike ni kumfukuza.

Alipokufa baba yangu, watani wake Wahehe walilivaa koti lake, wakajilaza kwenye mlango wa chumba na kutangaza kwamba Mngoni huyu hatoki mpaka deni lake la ulanzi lilipwe. Mama alicheka kwa mara ya kwanza tangu usiku ule. Mmoja wa wale watani alikuwa amevaa kofia ya kiua, mwingine rozari shingoni. Nani angewaambia wapumzike?

Sasa nitoe na langu la moyoni, maana vijana wa upande wangu wameanza kujiona salama. Nyuma ya nyumba yangu kuna kanisa. Silitaji. Mikesha yao ya Ijumaa ilikuwa inakwenda mpaka alfajiri, na spika moja imeelekezwa dirishani kwa jirani yangu, mzee aliyepooza, Muislamu. Watu walitaka kuandika barua serikali ya mtaa. Tukaenda kwanza wanawake wanne, wawili wa baibui, wawili wa vitenge, tukabeba na vitumbua. Mchungaji kumbe kijana, amehamia mjini si zamani, hajui kama yule mzee yupo. Tukampeleka akamwone kitandani. Wiki iliyofuata spika ikageuzwa, ikaelekezwa kwangu. (Kicheko.) Mnacheka, mimi silali. Bado tunazungumza naye. Lakini yule mzee na mchungaji sasa wanajuliana hali, na mwezi wa Ramadhani mchungaji humpelekea tende.

Na ndiyo maana siwezi kuisahau Mbagala, Oktoba 2012. Watoto wawili walibishana, mmoja akatuhumiwa kuukojolea msahafu, na siku hazikupita makanisa yakavamiwa na kuchomwa moto. Watu wazima wamelichambua sana jambo lile, siasa zake na hasira zake za miaka mingi, na wana haki. Mimi swali langu ni dogo la kike: jioni ile, kati ya nyumba za wale watoto wawili, alikuwepo mtu aliyeweza kubisha hodi zote mbili akafunguliwa? Mtu wa namna hiyo hapatikani siku ya ugomvi. Anatengenezwa na sufuria za kuazima, miaka ishirini nyuma.

Kwa hiyo ombi langu kwenu si kongamano. Ninyi ndio wenye makundi ya WhatsApp. Jumuiya ikipanga msiba, iache kazi moja bila mwenyewe, moja tu, ya mtaa: kuni, au maji, au vitunguu. Mpishi wa kukodi apike, ila vitunguu vimenywe na majirani. Msikiti nao, wakati wa kwenda makaburini, Mkristo aliyekuja na gari lake mpeni watu wa kubeba, asirudi na gari tupu. Na mbuzi msimchinje kabla hamjatuma mtu kwa jirani.

Babu alikwisha kufa zamani. Kisu anacho mjukuu wake, dereva wa bodaboda, na swala zake, nisimseme sana, anazijua mwenyewe. Desemba iliyopita alinipigia simu saa tano asubuhi: "Shangazi, mbuzi mnachinja saa ngapi? Nina abiria wa Kigamboni." Nikamwambia mbuzi atasubiri.

Naona kuna mkono pale nyuma umenyooka tangu niliposema habari za spika. Simama, mwanangu, tusikie.