Bahasha, Saini na Ushahidi: Madai ya Wizi wa Kura za Posta Marekani

Mabibi na mabwana, ndugu zangu wanahabari na wanafunzi wa sheria, asanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie uchaguzi wa Marekani wa 2020 na madai ya Donald Trump wa chama cha Republican, aliyeshindwa na Joe Biden wa Democratic, kwamba ulichakachuliwa kupitia kura za posta. Msimamo wangu nautaja mapema ili kila mmoja aupime ninavyoendelea: madai hayo hayakuthibitishwa. Wala sisemi hivyo kwa kuwa kura ya posta haiwezi kuibwa. Inaweza, na imewahi kuibwa. Wizi wake tunaujua ulivyo, ndiyo maana tunaweza kuutafuta, na tukiukosa tunaweza kusema kwa uhakika kwamba haupo.

Naelewa kwa nini wengi wetu tunaitilia shaka kura hii. Sisi tumezoea foleni, wino kidoleni, na mawakala wa vyama waliokaa pembeni wakitazama kila anayeingia. Hata Wakenya walioko ughaibuni hupiga kura kwa kufika kituoni, hawatumi bahasha. Sasa ukiambiwa kwamba mwaka 2020, katika janga la korona, asilimia 43 hivi ya wapiga kura wa Marekani walipiga kura kwa posta, swali linakuja lenyewe: ni nani aliyekuwa akiwatazama? Swali hilo ni la haki. Mwaka 2005 tume iliyoongozwa na rais mstaafu Jimmy Carter wa Democratic na James Baker wa Republican iliandika wazi kwamba kura za wasiokuwepo kituoni ndizo mwanya mkubwa zaidi unaoweza kutumika kufanya udanganyifu.

Tuangalie bahasha yenyewe, maana ubishi wote uko hapo. Kila jimbo lina sheria zake, lakini kwa jumla mambo huenda hivi. Mpiga kura anaomba karatasi ya kura, au katika majimbo kama Oregon, Washington na Colorado anatumiwa bila kuomba. Anaijaza nyumbani, anaitia kwenye bahasha, na nje ya bahasha anaweka saini yake chini ya maneno ya kiapo. Bahasha ina jina lake, na mara nyingi ina msimbo unaosomwa na mashine, kwa hiyo ofisi ya kaunti inajua imetoka lini na imerudi lini. Majimbo mengi hulinganisha saini hiyo na iliyoko kwenye kumbukumbu. Karani huweka alama daftarini kwamba fulani ameshapiga kura, na baada ya hapo ndipo karatasi hutenganishwa na bahasha ili kura ibaki siri. Sheria ya shirikisho inataka kumbukumbu hizi zitunzwe kwa miezi 22.

Kwa hiyo mtu akidai kwamba kura elfu hamsini za posta zilikuwa bandia, amedai jambo linaloacha nyayo. Majina elfu hamsini lazima yawe yametiwa alama daftarini. Baadhi ya wenye majina hayo wangekwenda kituoni na kuambiwa, "Wewe umeshapiga kura." Wangepiga kelele. Saini zingekuwepo, na bahasha zingekuwepo. Mdai ana pa kuanzia, na sisi tuna haki ya kumuuliza alianzia wapi.

Hebu niwaonyeshe wizi halisi. Mwaka 2018, katika jimbo la uchaguzi namba 9 la North Carolina, mgombea ubunge wa Republican, Mark Harris, aliongoza kwa kura 905. Bodi ya uchaguzi ikakataa kuidhinisha matokeo. Kwa nini? Kwanza, hesabu zilikataa. Katika kaunti ya Bladen, waliojiandikisha kama Republican walikuwa wamerudisha asilimia 19 tu ya kura za posta zilizokubaliwa, lakini Harris alipata asilimia 61 ya kura hizo. Ili hilo litokee kihalali, ilibidi karibu kila asiye na chama ampigie yeye, na Wademocratic kadhaa pia. Pili, karatasi nyingi zilizoombwa huko na katika kaunti jirani ya Robeson hazikurudi kabisa. Tatu, sheria ilitaka kila bahasha iwe na saini za mashahidi wawili au mthibitishaji rasmi wa viapo, na waandishi wa habari walipoziomba bahasha na kuzipitia moja moja, wakakuta majina ya mashahidi walewale yakijirudia.

Nawaomba wanahabari mlizingatie hili la tatu. Hakuna aliyehitaji mtambo wala siri ya serikali. Walisoma bahasha.

Februari 2019 bodi ikasikiliza ushahidi hadharani kwa siku nne. Mwanamke mmoja aliyefanya kazi kwa Leslie McCrae Dowless, mpiga kampeni aliyelipwa na upande wa Harris, alieleza chini ya kiapo jinsi walivyokusanya kura majumbani, jambo ambalo sheria ilikataza kwa asiye ndugu wa karibu. Alieleza kwamba wino wa kalamu ya shahidi ulipaswa ufanane na wa mpiga kura. Bahasha zilipelekwa posta chache chache ili zisishtue mtu. Hata stempu ilikuwa na namna ya kubandikwa, isije ikakaa kwa namna itakayoibua maswali. Na palipokuwa na nafasi zilizoachwa wazi kwenye karatasi, alikiri kuzijaza. Kisha mtoto wa Harris mwenyewe, aliyekuwa mwanasheria wa serikali wakati huo, akapanda kutoa ushahidi kwamba alimwonya baba yake kuhusu mtu huyo tangu mapema. Harris mwenyewe akaomba uchaguzi urudiwe, na wajumbe wote watano wa bodi, wa vyama vyote viwili, wakakubali. Dowless alishtakiwa, akafariki mwaka 2022 kabla kesi yake haijasikilizwa.

Tazameni ukubwa wake. Kikundi kidogo cha watu, kaunti mbili za vijijini, kura za kuhesabika. Hata hivyo walivuja kila upande: takwimu, saini, majirani, malipo, na mwishowe vinywa vyao wenyewe. Sasa tuambiwe kwamba mwaka 2020 jambo kubwa kuliko hilo mara nyingi sana lilifanyika katika majimbo sita, yenye watendaji wa vyama tofauti, na hakuna bahasha moja iliyosema kitu? Hilo si jambo la kukataa kwa kejeli. Ni la kuchunguza, na lilichunguzwa. Nataka tuingie kwenye uchunguzi huo.

Chukueni madai ya marehemu waliopiga kura. Michigan, kamati ya Seneti ya jimbo iliyoongozwa na Ed McBroom wa Republican ilipitia orodha ya watu zaidi ya 200 wa kaunti ya Wayne waliosemekana ni wafu. Walikuta wawili tu walioonekana kupiga kura. Mmoja alikuwa mzee ambaye, kwa kumbukumbu, angekuwa na miaka 118. Mwanawe ana jina lilelile na anaishi nyumba ileile, na karani alitia alama jina lisilo lake. Wa pili alikuwa bibi wa miaka 92 aliyejaza kura yake, akaituma, kisha akafariki siku nne kabla ya uchaguzi. Nawaheshimu wanakamati wale. Wangeweza kuiacha orodha iendelee kuzunguka, maana iliwafaa kisiasa. Badala yake walifuatilia jina kwa jina.

Kuna marehemu aliyepigiwa kura kweli, Pennsylvania. Mwanamume mmoja alimsajili mama yake aliyekwisha kufa, akaomba karatasi kwa jina lake na kumpigia Donald Trump. Alikamatwa, akakiri, akapewa kifungo cha nje. Huo ndio udanganyifu unaopatikana kwa kawaida: mtu mmoja na kura moja. Shirika la habari la Associated Press lilipokusanya kesi zote zilizotiliwa shaka na maofisa wa majimbo sita yaliyobishaniwa, lilipata zisizofika 475. Katika majimbo hayo Joe Biden alishinda kwa jumla ya kura zaidi ya 311,000. Hata kama zote 475 zingekuwa za wizi, na zote zingepigwa kwa mgombea mmoja, matokeo yasingetikisika.

Sasa Arizona, ambako kosa lilikuwa la aina nyingine, na naliona ni la kufundishia kuliko yote. Julai 2021 mkuu wa kampuni iliyopewa kazi ya kupitia kura za kaunti ya Maricopa alisema hadharani kwamba kuna kura 74,000 zilizorudi bila kumbukumbu ya kutumwa kwa mtu. Ukisikia hivyo, damu inachemka. Lakini kaunti ina mafaili mawili. Moja linaandika karatasi zilizoombwa, na huishia siku kadhaa kabla ya uchaguzi. Jingine linaandika kura zilizopokelewa, zikiwemo za waliokwenda wenyewe kwenye vituo vya kupiga kura mapema. Aliyekwenda kituoni siku za mwisho lazima aonekane kwenye la pili na asionekane kwenye la kwanza. Hapakuwa na kura ya posta yoyote ya ajabu. Palikuwa na mtu aliyelinganisha mafaili kabla ya kuuliza yanatumika vipi. Kampuni hiyohiyo ilipomaliza kuhesabu kwa mkono, Biden aliongezeka kura 99 na Trump akapungua kura 261.

Halafu kuna ushahidi wa takwimu. Kesi ambayo jimbo la Texas lilifungua Mahakama ya Juu ya Marekani dhidi ya majimbo manne ilikuwa na hesabu ya mchumi mmoja: kwamba kwa jinsi Trump alivyokuwa akiongoza alfajiri, uwezekano wa Biden kushinda ulikuwa sehemu moja kati ya milioni bilioni. Hesabu yenyewe inaweza kuwa sahihi, lakini msingi wake haukuwa sahihi. Ilichukulia kwamba kura zilizohesabiwa mapema na zilizohesabiwa baadaye zimetoka kwa watu wa aina moja. Ukichota wali juu ya sufuria utapata mweupe; ukichota chini utapata ukoko; sufuria ni moja. Trump mwenyewe alikuwa ametumia miezi akiwaambia wafuasi wake wasiiamini posta. Pennsylvania kura za posta zilikuwa milioni 2.6 hivi, na karibu robo tatu zilimwendea Biden. Kwa kuwa sheria ya jimbo ilikataza bahasha kufunguliwa kabla ya asubuhi ya siku ya uchaguzi, zilichelewa kuhesabiwa. Uongozi wa alfajiri ungepotea hata kama kila kura ilikuwa halali.

Najua nitaulizwa: si mahakama zilikataa tu kusikiliza? Pingamizi hilo lina ukweli ndani yake. Kesi kadhaa zilitupwa kwa hoja za utaratibu, na ile ya Texas ni mojawapo. Lakini Nevada, jaji James Russell aliruhusu mashahidi wahojiwe kwa kiapo, akapitia hoja za saini na mashine ya kusomea saini, na akaamua Desemba 4, 2020 kwamba walalamikaji hawakuthibitisha kwa kiwango chochote cha ushahidi. Georgia walihesabu kura karibu milioni 5 kwa mkono. Kaunti ya Cobb wakakagua bahasha zaidi ya 15,000 wakitazama saini, na hawakukuta hata kura moja ya udanganyifu. Walikuta mbili zenye kasoro, mojawapo mke au mume amesaini kwa niaba ya mwenzake. Na Pennsylvania, wakili wa Trump, Rudy Giuliani, alipoulizwa na jaji, alijibu kwamba hiyo si kesi ya udanganyifu. Nje kwenye vipaza sauti alikuwa akisema mengine. Jaji Stephanos Bibas wa mahakama ya rufaa, aliyeteuliwa na Trump mwenyewe, aliandika: kuuita uchaguzi wa dhuluma hakuufanyi uwe hivyo, tuhuma zinahitaji maelezo mahususi, kisha uthibitisho, na hapa hatuna hata kimoja.

Wala mahakama haziogopi daima. Septemba 1, 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ilifuta uchaguzi wa rais. Jambo moja lililowaumiza IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, ni kwamba mahakama iliamuru seva zifunguliwe na tume haikutii ipasavyo. Aliyekuwa na kumbukumbu alishindwa kuzionyesha, na mahakama ikamhukumia hivyo. Georgia, Arizona na Michigan hali ilikuwa kinyume: masanduku yalifunguliwa, bahasha zikatolewa, na mara nyingi waliozitoa walikuwa wa chama cha aliyeshindwa.

Tuna msemo, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwenye uchaguzi msemo huu umeumiza watu. Makarani wa Georgia waliohesabu kura walitajwa majina, wakatishiwa maisha, wakahama nyumba zao. Wale ni watu wa mshahara mdogo waliokesha wakifanya kazi ya umma. Mnapoandika dai kabla ya kuliuliza liko kwenye bahasha ipi, mnamweka mtu wa namna hiyo hatarini, na hilo linaniudhi sana.

Kuna jambo linaloweza kurekebishwa, nalo ni ule ucheleweshaji. Florida huanza kushughulikia kura za posta wiki kadhaa kabla, na usiku wa uchaguzi wanatangaza. Michigan walibadilisha sheria yao kabla ya 2024 ili ofisi za uchaguzi zianze mapema. Pennsylvania waliingia 2024 na sheria ileile, bahasha zikisubiri saa moja asubuhi ya siku yenyewe, kwa sababu vyama viwili havikuelewana kuhusu masharti mengine yaliyofungwa kwenye muswada wa kuibadilisha. Hayo ndiyo niliyokuja nayo. Karibuni maswali, na mwenye kupinga aanze.