Baga ya Dola Mia

Shikamooni wakubwa zangu. Vijana, hamjambo. Mwenyekiti aliniomba nizungumzie urubani wa ndege ndogo, na nadhani alitarajia nianze na injini au sheria za anga. Mimi nitaanza na chakula, kwa sababu marubani wengi wa ndege ndogo ninaowajua, ukiwauliza wiki hii unaruka kwenda wapi, watakutajia mgahawa.

Huko Marekani, wenye leseni ya binafsi, yaani daktari wa meno, fundi bomba, mwalimu mstaafu, wana msemo wao: baga ya dola mia. Ni safari ya kuruka na ndege ndogo hadi uwanja mwingine wenye mgahawa, mnakula baga, mnakunywa soda, mnarudi nyumbani kabla jua halijazama. Baga yenyewe ina bei ya kawaida. Dola mia ni za ndege. Tena mia ni bei ya zamani. Siku hizi kukodi Cessna 172, ndege ndogo ya viti vinne, kule California ni dola 150 hadi 200 na zaidi kwa kila saa inayosomwa kwenye mita ya injini, mafuta yakiwamo. Kwenda na kurudi ni kama saa mbili, hesabu hiyo nawaachia. Msemo haujabadilika, na mimi nashuku ni kwa sababu hakuna rubani anayetaka watu wa nyumbani kwake waijue bei mpya.

Kuna mzee mmoja hapa mbele anatikisa kichwa. Naelewa. Fedha yote hiyo kwa mkate na nyama? Lakini hebu tumtazame huyo rubani. Wa shirika la ndege analipwa aruke. Asiporuka leo, kesho ratiba itamwita. Huyu wa binafsi hakuna anayemwita. Amepata leseni yake, ambayo Marekani kwa kawaida inahitaji angalau saa 40 za kuruka, kisha anarudi kwenye shughuli zake, na mikono inaanza kusahau. Sheria ya huko inamkataza kubeba abiria kama hajapaa na kutua angalau mara 3 ndani ya siku 90 zilizopita. Mara tatu tu! Mtu anaweza kuzitimiza kwa nusu saa akizunguka uwanja wake uleule, aliouzoea mpaka anaujua kila mti, akadai yuko sawa kisheria. Yuko sawa kisheria, ndiyo. Abiria wake wangepaswa kuuliza swali la pili.

Mgahawa wa mbali unamtoa pale. Sasa inambidi asome hali ya hewa ya mahali asipopajua, apime upepo, apige hesabu ya mafuta, aongee redioni na watu wasioijua sauti yake, atue kwenye njia yenye vituko vyake. Chakula ni kisingizio, lakini ni kisingizio kinachomfanyisha kazi. Marekani ina takriban viwanja 5,000 vilivyo wazi kwa umma, na vyenye mnara wa kuongozea ndege ni kama 500 tu. Vilivyobaki, kila rubani anajitangaza mwenyewe kwenye masafa ya pamoja: mimi ni fulani, niko upande huu, nakuja kutua. Mwingine anamjibu. Wanapishana kwa adabu, na mara nyingi wanakutana tena kwenye foleni ya mgahawa.

Nitawapeleka mahali pamoja tu, maana migahawa ya viwanjani ni mingi na mhadhara ni mmoja. Twendeni Catalina.

Catalina ni kisiwa kilicho mkabala na Los Angeles. Mwaka 1919 William Wrigley alinunua hisa nyingi za kampuni iliyokimiliki. Wale mliotafuna PK utotoni mmeshaliona jina hilo kwenye karatasi yake; ni huyohuyo tajiri wa chingamu. Kisiwa ni milima, hakuna uwanda wa kutosha ndege kutua. Mwanawe, Philip, alifanya jambo la watu wenye fedha nyingi: vilele viwili vya mlima vikakatwa, udongo wake ukajaza bonde lililokuwa katikati, na juu yake ikalazwa njia ya kurukia. Uwanja ulifunguliwa kwa umma 1946. Njia ina urefu wa futi 3,000, yaani mita 914 hivi, na iko futi 1,602 juu ya bahari. Ilipochakaa sana, askari wa Marine na wa jeshi la majini waliijenga upya kwa zege, wakaifanya kazi hiyo kama sehemu ya mazoezi yao, wakamaliza 2019.

Mgahawa uko hatua chache kutoka ndege zinapoegeshwa. Kinachowaleta watu ni baga ya nyama ya baisani, yule nyati wa Marekani mwenye nundu na manyoya mazito shingoni. Baisani wapo kisiwani tangu 1924, walipopelekwa kwa ajili ya kupiga picha za filamu, kazi ikaisha na wao wakaachwa. Unaweza kumaliza kula, ukatoka nje, ukamwona mmoja amesimama kilimani. Inahitaji moyo kumtazama usoni.

Sasa angalieni baga hii inamdai nini rubani. Kati ya bara na kisiwa, kwa njia fupi, kuna kama maili 18 za baharini, na Cessna 172 ina injini moja. Injini ikizimika ndege haidondoki kama wengi wanavyodhani. Inateleza hewani huku ikishuka taratibu. Kitabu cha ndege hiyo kinampa rubani kama maili 1.5 kwa kila futi 1,000 za mwinuko, upepo ukiwa umetulia. Haya, mko katikati ya mkondo, maili 9 nyuma na maili 9 mbele. Mnahitaji futi 6,000 ili tu mguse ufukwe, na hapo hakuna akiba ya kugeuza ndege, wala ya upepo wa mbele, wala ya kuchagua pa kutua. Na pwani ya Catalina sehemu kubwa ni majabali. Kwa hiyo rubani mwenye akili hupanda juu zaidi ya hapo, tena hupanda akiwa bado juu ya nchi kavu, anazunguka na kuzunguka, ndipo anaielekea bahari. Dakika kumi na kitu zinakwenda hapo, na mita ya injini inahesabu. Abiria wa kiti cha nyuma, amevaa jaketi la kujiokolea, ana njaa, atauliza mbona hatuendi. Mwambieni tunakwenda, ila kwanza tunakwenda juu.

Njia ya kurukia yenyewe ina hila. Ukitua kutoka upande unaotumiwa na ndege nyingi, nusu ya kwanza inapanda, halafu inakaribia kuwa tambarare. Ukishagusa chini huoni mwisho wake, unaona nundu tu na anga baada ya nundu. Rubani mgeni huamini njia imekwisha na mbele ni korongo. Anakanyaga breki kwa miguu miwili mpaka tairi zinalia, kumbe bado ana mamia ya futi. Na kabla ya kutua kuna jambo jingine: upepo unaopita juu ya kilima kile hushuka ghafla kwenye ukingo wa jabali, palepale ndege inapokuwa chini na polepole. Anayekuja na mwinuko mdogo kwa kuogopa njia fupi ndiye anayekamatwa. Hofu ya kosa moja inamsukuma kwenye jingine. Hayo huwezi kujifunza kwa kuzunguka uwanja wa nyumbani.

Halafu ukungu. Miezi ya Mei na Juni bahari ya kusini mwa California hufunikwa na tabaka la mawingu ya chini. Kuna siku uwanja wa Catalina, kwa kuwa uko mlimani, unachomoza juani huku chini yote ni meupe. Picha zake zinapendeza mno. Lakini injini ikikuzimikia juu ya weupe ule utashuka ndani ya wingu bila kuona maji mpaka yawe karibu sana. Siku nyingine wingu linapanda na kuumeza uwanja wenyewe. Hapo ndipo chakula kinapogeuka adui. Mmekwisha ahidiana, kuna mtoto ana siku yake ya kuzaliwa, watu hawakunywa chai asubuhi ili wawe na nafasi tumboni, na mgahawa unauona kabisa kwenye ramani, maili kumi tu. Ajali nyingi za ndege ndogo zina sura hiyo: hali ya hewa ilibadilika, rubani hakubadilika.

Dawa ninayoipenda mimi haimo kwenye vitabu vya mtihani. Mpango uwe na mgahawa wa pili. Catalina ikifunga, tunakwenda Camarillo, bara, ambako pia pana mgahawa uwanjani. Rubani anayeambiwa "geuza urudi nyumbani" hubishana na nafsi yake. Anayeambiwa "basi leo tunakula Camarillo" hugeuza bila kinyongo. Watu huniambia huo ni utani. Mimi naona ni upangaji wa safari.

Nije kwetu, maana sikuja kuwasimulia California tu. Nairobi, Klabu ya Anga ya Afrika Mashariki, Aero Club of East Africa, ipo tangu 1927, na marubani wanakula pale uwanja wa ndege wa Wilson mpaka leo. Wilson yenyewe ilipewa jina hilo 1962, kwa heshima ya Florence Kerr Wilson aliyeanzisha Wilson Airways mwaka 1929. Na mwenye hamu ya kamba na kaa anaweza kuruka hadi uwanja wa Manda, akapanda mashua hadi Shela au Lamu mjini. Ni maili 250 hivi za baharini, saa mbili na ushee kwa Cessna 172.

Ila ugumu wa kwetu ni tofauti. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari. Injini ya kawaida isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, kwa hiyo hapo umekwisha poteza kama asilimia 16 kabla hujaachia breki. Ongeza jua la saa saba mchana, hewa inazidi kuwa nyepesi. Ongeza uzito: Cessna 172 ya kisasa ikijazwa tanki zote, lita 200 hivi, inabaki na nafasi ya kilo 250, mizigo ndani yake. Hao ni watu wazima watatu wa wastani. Viti vinne si ahadi ya watu wanne, na ndoo ya kaa kutoka Lamu lazima nayo ipandishwe kwenye mizani. Kisha kuna mafuta. Ndege hizi hutumia petroli ya ndege, si yale mafuta ya jeti yanayotumiwa na ndege za Caravan zinazobeba watalii, na petroli hiyo haipatikani kila uwanja. Hakikisheni mna mafuta ya kurudi kabla hamjaagiza chakula.

Kuhusu pombe sitachukua muda. Marekani ni saa 8 kutoka tone la mwisho hadi kushika usukani, na kipimo cha damu kisifike asilimia 0.04. Anayerusha anakunywa maji.

Swali ambalo vijana hunifuata nalo mlangoni, acheni nilijibu sasa hivi: nani analipa? Sheria ya Marekani inamruhusu mwenye leseni ya binafsi kugawana na abiria gharama za mafuta, oili, ada za uwanja na kukodi ndege, mradi yeye asilipe chini ya fungu lake. Mko watatu, gharama ni dola 360, rubani anatoa si chini ya 120. Abiria wakilipa zote, amefanya biashara bila leseni ya biashara. Baga haimo kwenye orodha ile ya gharama. Kwa hiyo rafiki akisema, "Wewe turushe tu, chakula juu yangu," mshukuruni, halafu kila mtu atoe pochi yake. Karibuni maswali.