Mwananchi wa Nani?

Wazee wangu, kina mama, vijana, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie neno "mwananchi". Wanaonifahamu wanajua nimelipigania neno hili barazani, redioni, hata matangani. Nitalisema tena leo kwa sababu linazidi kuharibiwa.

Juzi nilihudhuria kikao cha bajeti katika wadi moja ya Eastlands, hapa Nairobi. Hema limesimamishwa, mbele kuna makochi yaliyotandikwa vitambaa vyeupe na chupa za maji mezani. Nyuma viti vya plastiki, na vilipokwisha, jua. Mwenye kipaza sauti akatangaza: "Waheshimiwa wakae mbele, wananchi wasonge nyuma." Nikamuuliza aliyeketi kando yangu: basi hawa wa mbele ni wana wa nchi gani?

Kisha mheshimiwa akasimama. "Wananchi wangu!" Makofi. Jamani, wangu? Mtu husema mbuzi wangu, shamba langu. Aliyeajiriwa kwa kura yetu anapata wapi ruhusa ya kutumiliki? Kifungu cha 1 cha Katiba ya 2010 kinasema mamlaka yote ni ya watu wa Kenya. Yeye ni wetu, na hata yeye mwenyewe ni mwananchi. Na nyinyi waandishi wa habari, acheni "mwananchi wa kawaida". Mkiwa na wa kawaida, tuonyesheni yule asiye wa kawaida tumjue. Neno lililomaanisha mtoto wa nchi, mwenye haki nayo, siku hizi linamaanisha maskini anayesubiri kuhutubiwa.

Kuna atakayesema: mzee, neno la sheria ni raia, hayo mengine ni ya jukwaani. Hapana. Raia limetoka Kiarabu, na asili yake ni walio chini ya mtawala, wanaochungwa. Leo linatueleza nani ana kitambulisho na pasipoti, na kazi hiyo linaifanya vizuri. Halielezi nani ameifanyia nchi hii nini. Ndiyo maana tunayahitaji yote mawili.

Nitawapa mfano, na mfano wenyewe ulitokea humu humu, katika Ukumbi wa Kaloleni. Makhan Singh alizaliwa Punjab mwaka 1913, akaletwa Nairobi akiwa kijana mdogo. Mwaka 1935 alikifanya chama cha wafanyakazi wa Kihindi kiwe cha wafanyakazi wa rangi zote, wakati ambapo serikali ilikuwa imeugawa mji huu kwa rangi, mtaa kwa mtaa. Tarehe 23 Aprili 1950 alisimama katika ukumbi huu, kwenye mkutano wa pamoja wa KAU, chama cha siasa cha Waafrika wa Kenya, na chama cha Wahindi wa Afrika Mashariki, akadai uhuru kamili. Si viti viwili vitatu zaidi katika baraza la kutunga sheria la mkoloni, ambavyo wengi waliona vinatosha. Uhuru kamili! Tarehe 15 Mei akakamatwa pamoja na Fred Kubai, kiongozi mwenzake wa wafanyakazi. Wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Yeye akapelekwa mahakamani Nyeri, ikaamuliwa kwamba ni mtu asiyefaa kuwa huru katika koloni, akafungiwa kaskazini: Lokitaung, Maralal, Dol Dol. Hakuachiwa hadi Oktoba 1961. Zaidi ya miaka kumi na moja, jamani. Huyo utamwita nani? Kuna mtu aliniambia nimwite "Mhindi aliyetusaidia". Nilikasirika na bado nimekasirika. Anayefungwa miaka kumi na moja kwa ajili ya nchi hasaidii watu wa nchi nyingine. Anadai nchi yake.

Na Wamakonde wa Kwale je? Wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa. Wakazaa, wakazika, wajukuu wakakulia hapa bila kitambulisho, kwa hiyo bila ajira ya maana wala akaunti ya benki. Oktoba 2016 wakafunga safari kutoka Kwale kuja Ikulu kudai haki yao, ndipo serikali ikawatambua. Walikuwa wananchi miaka mingi kabla ya kuwa raia. Wanubi wa Kibra, wajukuu wa askari wa Kisudani walioletwa na Waingereza, nao walisumbuka hivyo hivyo na vitambulisho; mnawajua, sina haja ya kueleza zaidi.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kusema juu ya vitabu vya shule, na juu ya Nyumba Kumi, ule mpango wa majirani kulinda usalama wao, ambayo tumeiacha iwe ya kuripotiana tu badala ya kujuliana hali. Nayaacha hayo. Ila hili la ushirikishwaji wa umma siliachi. Kifungu cha 10 cha Katiba kinautaja, na cha 196 kinalilazimu bunge la kaunti kutushirikisha. Pale kwenye hema tuligawiwa makaratasi ya bajeti, yote kwa Kiingereza. Mama mmoja muuza mboga aliyageuza juu chini, akayakunja, akaketi juu yake. Tukatia sahihi ya mahudhurio, tukapewa soda, ikaandikwa kwamba tumeshirikishwa.

Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi, Kifungu cha 7. Haki ya kupata habari iko Kifungu cha 35. Andikeni barua kwa karani wa bunge la kaunti muombe makaratasi ya bajeti kwa Kiswahili, mapema, kabla ya kikao. Mimi nitabaki hapa mpaka ukumbi ufungwe. Anayetaka tuiandike pamoja aje na kalamu.